Kibao Kisichoteleza

Jomvu Kuu,
14 Septemba 2024

Kwa ndugu yangu Yeslam,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanao wote huko Mumias. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua zimekatika na maji ya kisima yameanza kuingia chumvi, lakini hayo umeyazoea. Mwanangu Imad na mkewe Shaza wako kwao Mkomani, kazi zawaendea vizuri, na Jumapili wakipata nafasi huja kuniona. Kadzo, yule jirani anayenifulia nguo, ndiye atakayeipeleka barua hii kwenye ofisi ya mabasi Changamwe, kwa hivyo ikichelewa lilaumu basi, usimlaumu yeye.

Utashangaa kuona karatasi na simu iko. Simu yanichosha, Yeslam. Twaamkiana, twaulizana hali, twaulizana mvua, kisha yakatika na lile la maana halijasemwa. Ulipokuwa Lamu ukijifunza useremala tulikuwa twaandikiana, na kila jambo lilifika. Hati usiicheke. Kalamu ni mbovu na meza yacheza.

Shida yangu ni ndogo. Nataka kibao cha kukatia. Hiki nilicho nacho ni cha plastiki, Shaza aliniletea, chepesi mno. Ukikiweka mezani chatembea. Kitunguu chaenda huku, kibao chaenda kule. Nimekilaza juu ya kitambaa kibichi, chatulia kidogo kisha charudia tabia yake. Vya mbao nimeviona dukani, vyembamba, vimepakwa rangi ya kung'aa ambayo naona nitaishia kuila. Wewe ndiwe fundi. Niambie mti gani wafaa jikoni, au bora unitengenezee mwenyewe. Kiwe kizito. Kisiteleze. Hilo ndilo kubwa kwangu.

Nisalimie wifi sana.

Dadako,
Hafswa


Mumias,
2 Oktoba 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika, nami nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nimeisoma nimeketi, kisha nikamsomea wifi yako, naye anakuamkia. Magoti bado yanamsumbua, hasa asubuhi. Binti yetu mdogo yuko chuoni Kakamega, anaendelea. Mimi sijambo. Kazi zipo zipo tu.

Binamu Tima alinipigia. Anasema harusi ya bintiye hukuhudhuria, na watu walikuulizia sana kwa kuwa haijawahi kutokea harusi Jomvu ukakosa kuwa jikoni. Nilimwambia sina habari. Ulikuwa na nini?

Sasa kibao. Watu watakwambia mvule, na kwa mlango sijaona mti kama mvule. Lakini una vitundu vikubwa, damu ya samaki ikiingia humo utainusa wiki nzima. Saiprasi ni laini, kisu kitaichimba kabla mwaka haujaisha, na nyanya zako zitanuka sanduku jipya. Mkaratusi hupasuka wenyewe bila kuguswa. Mimi ningechagua mwembe uliozeeka, uliokaushwa kivulini bila haraka. Si mgumu wa kuua makali ya kisu wala si laini wa kuchimbika, na nyuzi zake zimeshikana vizuri. Kiwe kipande kimoja, si vipande vilivyogundishwa. Kisipakwe rangi. Mafuta kidogo na nta ya nyuki vyatosha.

Kisichoteleza ni suala jingine. Uzito husaidia, na raba chini pia. Lakini dada, kibao chochote hutulia ukikishika. Niambie meza yako ina upana gani, na zaidi unakata nini.

Hati yako kweli imeharibika. Nakutumia kalamu mbili ndani ya bahasha.

Nduguyo,
Yeslam


Jomvu Kuu,
27 Oktoba 2024

Ndugu yangu,

Assalaam aleikum na marahaba. Kalamu zimefika, ahsante. Moja nimempa Kadzo kwa ajili ya mwanawe. Magoti ya wifi mwambie ayakande kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Tima mwambie tumbo lilinichafuka siku ile.

Meza ni ile ya jikoni ya zamani, waijua. Nakata vitunguu, nyanya, muhogo, samaki. Kwenye kibao nataka misumari miwili iliyosimama, ncha juu, isiyoshika kutu. Na pembeni uniwekee ukingo wa kusimamisha vitu, kama ule wa sinia lakini kwenye kona moja tu. Najua ni mambo mageni. Wewe nifanyie tu.

Nakwambia jambo jingine ili ujue kwa nini nina haraka. Imad yuataka nihamie kwao. Wamenitengea chumba, ghorofa ya nne, dirisha lake latazama ukuta wa nyumba nyingine. Nyumba hii apangishe. Yuasema mtu wa umri wangu haachwi peke yake na moto. Hasemi kwa ubaya, mwanangu. Shaza naye hupika kwake, akanitilia kwenye vibakuli, wakaniletea. Chakula chake si kibaya, ila chafika kimepoa, na kila kibakuli nikikifungua najiona mgonjwa wa wodini.

Tumekubaliana hivi. Ramadhani waje siku moja kufuturu, nipike mimi, mwanzo mpaka mwisho, pasi na Kadzo kunishikia hata kijiko. Nikiweza, hayo ya Mkomani tutayazungumza upya. Nikishindwa, baada ya Idi nafungasha. Basi kibao kisichelewe.

Jengine sina.

Hafswa


Mumias,
30 Novemba 2024

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo. Wifi yako anaendelea, mafuta ya ufuta yamemsaidia kidogo.

Kibao hiki hapa, kimefungwa kwenye gunia pamoja na majani ya chai kidogo. Ni kizito kuliko cha plastiki. Misumari sikuweka kwa sababu sikuelewa ni ya nini, nikaogopa usije ukajidunga. Ukingo pia nimeuacha. Chini utaona raba nne.

Kuhusu Imad, mimi ni mjomba wake lakini niko mbali, sipendi kuingilia. Labda chumba cha Mkomani si kibaya, dada. Sote tumechoka. Labda na wewe ni wakati wa kupumzika.

Nduguyo,
Yeslam


Jomvu Kuu,
15 Desemba 2024

Yeslam,

Majani ya chai ni mazuri, ahsante.

Kibao nimekiosha mara mbili kikapinda, kona zikainuka kama jani lililokauka. Sasa hata raba zake hazigusi meza zote nne. Nilipokigeuza nikaona vipande vimegundishwa, vyembamba vyembamba, na kwa nyuma pana alama ya gundi mahali palipobanduliwa karatasi ya dukani.

Mimi nimekuona ukipiga randa tangu hujaota ndevu. Nazijua kona zako, wewe hukuacha kona kali hata siku moja, ulikuwa ukipitisha kidole gumba ukitafuta pa kukwaruza. Hiki hukukitengeneza. Umekinunua, ukabandua karatasi, ukanitumia na barua ya kunihimiza nipumzike.

Kama hutaki, sema hutaki. Sitakasirika zaidi ya nilivyokasirika.

Hafswa


Mumias,
9 Januari 2025

Shikamoo dada,

Nilianza kukujibu mara kadhaa, nikaacha. Leo nimeamua nimalize.

Kweli nimekinunua. Karakana haiko, dada. Iliondoka mwaka juzi. Mwenye uwanja alitaka kujenga maduka, akatupa notisi, na kwa kuwa kazi zilikuwa zimeshapungua sikutafuta pengine. Watu siku hizi wananunua vitanda vya chuma na makochi yaliyotoka bandarini, mlango wa mvule nani anauagiza? Vyombo vyangu viko kwa Elkana, fundi mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi. Mimi nafungua lango la shule. Asubuhi nafungua, jioni nafunga, katikati naandika majina ya wanaoingia. Si kazi mbaya. Nina kiti na mwavuli. Lakini nilikuwa sijamwambia mtu wa nyumbani. Mkipiga simu na kuuliza kazi zikoje nasema zipo, na kweli zipo, ila si zile mnazozijua.

Uliponiandikia kwamba mimi ndimi fundi, ilinishinda kukwambia.

Sasa na mimi nina langu la kuuliza. Nimekuwa nikikaa pale langoni nikifikiria ile misumari. Mtu hukishika kitunguu kwa mkono mmoja, akakikata kwa mwingine. Anayetaka msumari umshikie kitunguu, anayetaka kona imzuilie muhogo usikimbie, ni mtu mwenye mkono mmoja. Kisha nikazitoa barua zako nikazitazama hati. Kisha nikakumbuka harusi ya binti wa Tima, na kwamba hutaki simu.

Dada, una nini?

Yeslam


Jomvu Kuu,
26 Januari 2025

Ndugu yangu Yeslam,

Nimeisoma barua yako nikaiweka. Nikaenda nikafagia uani, nikarudi nikaisoma tena. Kuhusu lango sina neno ila hili: kazi ni kazi, na mwavuli wakati wa jua si kitu kidogo. Karakana nakulilia. Hilo naliandika mara moja tu, nisije nikakuchosha.

Ilikuwa mwezi wa Mei. Nilikuwa nimesimama jikoni nakoroga mchuzi, kijiko kikaanguka. Nikataka kuinama kukiokota, nikaona mkono haunisikii. Nikautazama ukining'inia kama kitu cha mtu mwingine. Nikamwita Kadzo, na lile jina likatoka si jina. Imad alikuja na gari. Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba nimebahatika. Mguu umerudi, nauvuta kidogo tu. Ulimi umekaa mzito miezi, sasa wanyooka, ila nikichoka maneno huburura. Mkono wa kulia haukurudi. Vidole viwili hucheza, basi.

Nilimwapisha Imad asikwambie. Alikuwa hataki, nikamwambia nitakwambia mwenyewe, na kila siku nilisema kesho. Ungepanda basi siku ile ile, wallahi nakujua, ukaacha mke na magoti yake, ukaja kukaa mlangoni kwangu ukinitazama. Sikutaka kutazamwa. Ndiyo maana barua. Kwenye simu ungenisikia. Barua naiandika kwa kushoto, taratibu, hii nimeianza Ijumaa na leo ni Jumapili.

Na harusi, nikwambie kweli. Kula nala kwa kushoto, na wajua sisi tulivyolelewa. Sheikh ameniambia mwenye udhuru hana lawama. Lakini sheikh hakai nami kwenye sinia. Mara moja nilikwenda hitimani, kwenye dua ya marehemu, mwanamke mmoja akausogeza wali upande wake, kidogo tu, sidhani hata alijua. Tangu siku hiyo nala peke yangu nyumbani. Imad na Shaza wakija nawaambia nimeshakula.

Kibao si kwa sababu napenda kupika sana, Yeslam. Nimepikia watu miaka yote, sufuria za harusi za watu mia, na nilikuwa nikichoka. Hata sasa nimechoka. Ila nikikaa kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne, mtu akaniletea sahani, sitaamka tena kwenye kiti. Najijua. Hapa naamka kwa sababu kitunguu hakijikati.

Kama Elkana bado ana vyombo vyako, nitengenezee. Kama huwezi, niambie tu, nitamtafuta fundi Changamwe nimwelekeze.

Dadako,
Hafswa


Mumias,
22 Februari 2025

Shikamoo dada,

Sitakulaumu. Nilitaka kukulaumu, nikaanza kuandika, lakini na mimi nilikaa kimya juu ya karakana. Tuyaache. Nilitaka kupanda basi pia. Wifi yako aliniuliza, "Ukifika utafanya nini, umkatie vitunguu?" Nikakaa chini.

Kibao hiki nimekitengeneza mimi.

Elkana alikuwa na ubao wa mwembe ulioegemezwa nyuma ya banda lake tangu walipokata miti kupanua barabara. Mnene, mkavu, una mstari wa kijivu unaopita ubavuni. Aliniambia nichukue. Nikashika randa, na nilipoipitisha mara ya kwanza ikaruka, mikono ilikuwa imesahau. Elkana alikwenda akanitilia chai, akarudi, na wakati huo nilikuwa nimeipata.

Nilitengeneza kwanza kama ulivyosema, misumari miwili katikati na ukingo kona ya kulia. Kisha nikafikiria, nitajuaje? Nikamwambia Elkana anifunge mkono wa kulia kiunoni kwa mshipi. Akanifunga. Mkewe akaleta vitunguu na kiazi. Dada, kitunguu cha kwanza kilitoka mbio mpaka uani. Cha pili kilisimama kwenye misumari lakini nilipokata, kibao chote kikasogea. Kiazi kilinitoa jasho. Mke wa Elkana akacheka, kisha nadhani aliniona uso, akaacha.

Kwa hivyo nilibadilisha mambo. Misumari nimeisogeza upande wa kulia ili kisu chako cha kushoto kipate nafasi. Imeingizwa kutoka chini, vichwa vimezikwa na kufunikwa kwa ubao mwembamba, kwa hivyo haitalegea. Ni chuma kisichoshika kutu. Nimeweka pia vikofia viwili vya mpira, uvivike kwenye ncha ukimaliza kazi, tafadhali usisahau. Chini, upande ulio karibu na tumbo lako, nimeweka ubao unaoshuka na kung'ang'ania ukingo wa meza. Ukisukuma, kinazuiliwa na meza yenyewe. Raba ziko, lakini usizitegemee.

Nilipofungwa tena nikakata vitunguu vitatu bila shida. Vibaya, lakini nilikata.

Kukitunza: usikiache majini. Kioshe, kikaushe kwa kitambaa, kisimamishe kwa ubavu mahali penye hewa, si juani. Ukikata samaki, sugua kwa chumvi na ndimu. Kikianza kuonekana kikavu, pasha mafuta kidogo na ile nta niliyofunga kwenye karatasi, upake, uache mpaka asubuhi.

Elkana amesema niwe naenda kila Jumamosi tusaidiane. Nimesema nitaona. Mgongo si ule wa zamani.

Shule zikifungwa Agosti nitakuja, na safari hii usinikataze.

Ramadhani njema, inshallah.

Nduguyo,
Yeslam


Jomvu Kuu,
13 Aprili 2025

Kwa ndugu yangu Yeslam,

Assalaam aleikum na Idi njema, ingawa imepita. Natumai nyote hamjambo, na magoti ya wifi yamepata nafuu. Nasikia mvua zimeanza kwenu. Huku bado twazitazama mawinguni.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie mambo yakiwa yameisha.

Kibao kilifika siku mbili kabla ya kufunga. Kadzo alikibeba kichwani kutoka Changamwe akasema fundi wako ametuma mlango. Nilikiweka mezani, nikakisukuma kwa kiuno. Hakikwenda popote. Nikakisukuma tena. Kisha nikakaa, nikakitazama, nikapitisha kidole gumba kwenye kona zake.

Usidhani yalikuwa rahisi. Kitunguu cha kwanza nilikidunga vizuri, nikakata, nikafurahi, nikasahau msumari uko wapi, nikajichoma kiganja. Siku mbili sikukigusa. Kadzo alikuwa akipita akikitazama. Siku ya tatu nikamwambia aende kwake, nikafunga mlango, nikaanza upya na nyanya zilizoiva sana ambazo haidhuru zikipondeka. Wiki ya kwanza futari yangu ilikuwa uji na tende, kwa sababu nilipomaliza kukata nilikuwa sina nguvu ya kupika. Nakwambia haya ili usije ukanipigia makofi. Muhogo ndio ulionitesa kuliko vyote. Naudunga, naumenya upande mmoja, naugeuza, naudunga tena. Mtu mzima mwenye mikono yake angemaliza kikapu wakati mimi nina kipande.

Imad na Shaza walikuja kumi la mwisho la Ramadhani, siku ya Jumamosi. Nilianza kazi baada ya adhuhuri. Muhogo wa nazi, tui la pakiti, Mungu anisamehe. Samaki changu watatu wa kukaanga. Kachumbari. Samaki niliwadunga mkia kwenye misumari nikawaparua magamba, na magamba yakaruka mpaka kwenye nywele zangu. Kadzo alikuwa kwake, alitimiza ahadi, ingawa nilimwona akichungulia uani zaidi ya mara moja.

Walipofika, Shaza alikuwa amebeba kapu. Nikajua ndani mna nini. Alipika kwake kwa siri, pengine mambo yangeharibika. Nikamwambia, "Weka hapo, mwanangu, tutakula kesho." Akaliweka, uso umemshuka kwa haya.

Imad aliingia jikoni. Akafunua sufuria, akafunua sahani ya samaki. Akauliza, "Mama, nani amekukatia?"

"Sikukatiwa."

"Kadzo?"

"Kadzo yuko kwake. Muite umuulize."

Akakitazama kibao. Akaigusa misumari, akauliza kimetoka wapi, nikamwambia mjombako. Akasema, "Nionyeshe." Alisema kama mtu wa benki anayetaka kuona kitambulisho, lakini sauti ilikuwa chini. Basi nikachukua kitunguu kilichosalia, nikakidunga, nikakikata mbele yake. Nilikata polepole kuliko kawaida kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Nilipomaliza akasema, "Ulikuwa ukisema tu kwamba utaweza. Mimi nilikuwa naogopa siku moja nitakuja nikute umeanguka na moto unawaka." Nikamwambia, "Na mimi naogopa hilo." Tukasikia adhana.

Nilitaka kufanya kama kawaida yangu, niwaandalie kisha niseme nitakula baadaye. Nikaona nikisema hivyo siku ile, nimepika bure. Nikaketi nao mkekani. Kabla sijanyoosha mkono, Shaza akasimama. Akaenda jikoni akarudi na vijiko, akaweka kimoja mbele yangu, kimoja mbele ya Imad, kimoja mbele yake. Imad akamtazama. Maishani mwake hajala muhogo wa nazi kwa kijiko. Shaza akachota akaanza kula, kana kwamba kwao ndivyo uliwavyo. Imad naye akachukua chake. Mimi nikachukua changu kwa kushoto, na sote watatu tukala hivyo hivyo, na hakuna aliyesogeza chochote. Samaki tulimaliza. Imad aliongeza muhogo mara mbili. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo.

Walipoondoka nililala na nguo zangu za jikoni. Nilikuwa nimechoka vibaya, Yeslam, mpaka mifupa.

Ya Mkomani hayakutajwa siku ile, wala siku ya Idi. Nikawa nangoja. Jumamosi iliyopita Imad akaja peke yake, mkononi ana utepe wa kupimia. Nilidhani amekuja kupimia wapangaji. Akaingia chooni, akapima ukuta, akaandika. Akatoka akapima urefu kutoka sakafuni mpaka kwenye jiko, akaandika tena. Akaniuliza, "Mama, ukinyanyuka chooni washika wapi?" Nikamwambia nashika mlango. Akasema fundi atakuja wiki hii aweke vyuma vya kushikia, na jiko lishushwe, na Kadzo apewe ufunguo alale hapa siku ambazo mwili wangu haunipi nguvu. Nilimwambia vyuma visiwekwe juu sana. Hakusema "kaa hapa," nami sikusema ahsante. Aliendelea kupima.

Kadzo amekubali ufunguo. Amesema nikoromapo atahamia sebuleni.

Njoo Agosti, nakungoja. Ukija usinikatie kitu, keti tu. Na kwa Elkana uende Jumamosi hizo, hata ukikaa tu ukinywa chai yake.

Kibao chaendelea vizuri, nakisimamisha dirishani kama ulivyosema. Ila bizari imekiingia, kona yote ya kulia imekuwa ya manjano. Nilisugua kwa chumvi, nikasugua kwa ndimu, haitoki. Sasa nimeacha kuisugua.

Dadako,
Hafswa